Kibali cha Mkunga Aliyekaa Eda

Mmenisumbua tangu siku ile ya chai ya kuniaga, ninyi vijana mlioirithi meza yangu hapa bomani. "Mzee Omari, tuandikie, tuandikie." Haya, naandika. Msitafute humu nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Cheo kilichelewa na mshahara ulikuwa haba, na hayo nanyi yatawakuta, hamna haja ya kuyasoma. Nitaandika habari za vibali vya muda, yaani ruhusa wanazopewa mafundi wa kigeni kukaa nchini na kufanya kazi maalumu, na habari za nyongeza, pale muda unapokaribia kwisha na mtu anaomba aongezewe. Mnadhani ni kazi ya kugonga mihuri. Nami nilidhani hivyo hivyo.

Siku yangu ya kwanza nilivaa kanzu iliyotiwa wanga hadi inanikwaruza shingo. Karani mkuu alikuwa Mzee Shomari, mtu aliyeanza ukarani enzi za Mjerumani, na mpaka anakufa alikuwa akishtuka akisikia buti kwenye ngazi. Hakunikaribisha. Alinipa nyundo na misumari, akanionyesha ukuta nyuma ya meza. "Pigilia," akasema. Kila msumari ukawa mwezi mmoja wa mwaka. Kila mwenye kibali tulimwandikia kadi, tukaitoboa, tukaitundika kwenye msumari wa mwezi ambao muda wake unakwisha. Asubuhi ukiingia, kabla hujavua kofia, unaangalia msumari wa mwezi huu na wa mwezi unaokuja. "Kuandika umekwisha kufundishwa shuleni," Mzee Shomari aliniambia. "Huu ukuta utakufundisha kuogopa."

Kanuni mnaijua, ila nitaisema kwa ajili ya wake zenu ambao watasoma kabla yenu. Kibali kina mwisho. Anayetaka nyongeza aombe kabla ya mwisho huo, afike mwenyewe mbele ya afisa wa uhamiaji, na awe bado anafanya kazi ile iliyomleta. Akikosa moja kati ya hayo hapati nyongeza, anapata notisi ya kuondoka. Na afisa hakukaa hapa Bagamoyo. Alikuja kwa motokaa kutoka Dar es Salaam mara moja kwa mwezi, akalala katika nyumba ya wageni ya serikali, kesho yake akaenda zake. Mvua ikikata barabara haji, lakini siku zako zinaendelea kwisha tu.

Kuogopa nilikujua kwa fundi mmoja wa mitambo, Mhindi wa Kachi, aliyeletwa na shamba moja la katani. Mtu mpole, mikono yote makovu ya mvuke. Bwana wake aliahidi kumwombea nyongeza, akasahau. Mimi niliona kadi msumarini, nikapeleka ukumbusho, bwana akaweka ukumbusho juu ya meza na kikombe cha chai juu ya ukumbusho. Muda ulipokwisha ilibidi mimi ndiye nimpelekee yule fundi notisi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: "Nani atazima boila?" Hakuna aliyejua kuizima ila yeye. Akaenda kuizima mwenyewe, akafunga vyombo vyake ndani ya gunia, akapanda lori. Nilimchukia yule bwana wa katani, na sijaacha. Tangu siku hiyo sikutegemea ahadi ya bwana wa mtu yeyote. Nilikwenda kwa mwenye kibali mwenyewe, nyumbani kwake, nikamwambia kwa mdomo wangu.

Sasa nije kwa Bi Zaituna, maana najua ndiye mnayemtaka.

Bi Zaituna aliletwa baada ya vita vya Hitla kufanya kazi katika chumba cha wazazi cha zahanati yetu. Alikuwa amesomea ukunga Unguja, lakini alizaliwa Ngazija, chini ya Mfaransa, kwa hiyo kwa sheria yetu alikuwa mgeni. Alipofika mezani kwangu nilimsogezea pedi ya wino atie dole gumba kwenye faili. Akaitazama. "Wino huu unatoka kwa sabuni?" Nikamwambia unatoka kwa siku mbili tatu. "Basi ngoja," akasema, "kuna mtu wa kumzalisha leo," akaondoka. Alirudi kesho yake ndipo akatia dole. Nilikasirika mno. Sikuwa nimezoea mtu kuliambia boma lingoje.

Mwaka wa kwanza wanawake wa mjini hawakumtaka. Kuzaa ni jambo la ndani, na huyu ni mtu wa kuja, amevaa viatu vya kamba na ana mkasi kwenye mkebe. Yeye hakulalamika. Alikwenda kuwaamkia wakunga wa zamani mmoja mmoja, akakaa nao mkekani, akawauliza wanafanyaje. Akiingia nyumba ya mtu akatoka, hasemi aliyoyaona, hata umkamue. Hayo ndiyo yaliyomfungulia milango. Ikafika mahali binti akishikwa na uchungu, mtoto akikaa vibaya, jina la kwanza linalotajwa ni lake.

Kisha akaolewa hapa hapa. Mume alikuwa rafiki yangu Abdallah, fundi cherehani, mtoto pekee wa Bi Mwanakombo. Bi Mwanakombo hakutaka hata kusikia. "Mwanamke ana karatasi yenye mwisho!" alimwambia mwanawe, na mtaa mzima ukasikia. "Unaoa mke wa kukodi?" Abdallah akacheka, akaoa. Baada ya mwaka ukipita mlangoni pao ungewasikia mkwe na mkwewe wanagombana kwa raha kabisa juu ya chumvi ya mchuzi, na ole wako uingilie. Nyongeza zake nazo zikawa rahisi. Afisa wa wakati ule, mzee aliyekuwa akingoja pensheni, alikuwa akiona mume ni mwenyeji, anatia sahihi huku anakunywa chai.

Abdallah alikwenda Lugoba kupeleka nguo za harusi, akarudi na homa, hakuinuka tena. Nilikuwa nimekaa jamvini siku ya matanga, watu wanazungumza habari za marehemu, ndipo nikaukumbuka ukuta wangu. Kadi ya Bi Zaituna ilikuwa kwenye msumari wa mwezi unaokuja, na Bi Zaituna alikuwa ameingia eda. Mjane hukaa miezi minne na siku kumi, hatoki nyumbani, haonwi na mwanamume asiye wa kwao. Muda wa kibali ungekwisha eda haijafika hata nusu.

Wakati huo huo afisa mzee alikuwa amekwisha pata pensheni yake, na mahali pake pamekuja kijana wa Kizungu tuliyempa jina la Bwana Tarehe, kwa kuwa kabla ya kujibu salamu yako alikuuliza tarehe. Hakuwa mbaya wa roho, nisimsingizie. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, safi kuliko cha askari wetu. Lakini alikuwa mgeni kazini na aliogopa kukosea, na mtu anayeogopa kukosea ni mgumu kuliko mtu mkali. Nilimwandikia Dar es Salaam nikieleza eda, nikamwomba amwone mwombaji nyumbani kwake. Jibu likaja fupi: mwombaji afike mwenyewe.

Alikuja mwezi ule kama kawaida. Faili la Bi Zaituna nililiweka chini kabisa, naye akalichomoa la kwanza.

"Karani, yuko wapi mwanamke huyu?"

Nikaeleza upya, kwa mdomo. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Mume amekufa," akasema, "kwa hiyo hakai kwa ajili ya mume. Kazini haendi, kwa hiyo hakai kwa ajili ya kazi. Mbele yangu haji. Niambie wewe, nimwongezee kwa sababu gani?"

Akalifunga faili.

"Kesho adhuhuri naondoka. Nikirudi mwezi ujao kibali kitakuwa kimekwisha. Kama anataka kukaa, aje."

Akaingia chumba cha ndani. Hata sijakaa vizuri, nikasikia viatu barazani. Mwanamke amejifunika buibui gubigubi, hata kucha haionekani, akaja mpaka mezani kwangu akasimama.

"Mimi ndimi Zaituna," akasema kwa sauti nyembamba. "Nimekuja kutia dole."

Kwanza nilifurahi. Kisha yule mwanamke akakohoa. Kikohozi kile nilikuwa nakijua tangu sijaanza kuvaa suruali, maana ndicho kilichokuwa kikitufukuza mimi na Abdallah tusiibe maembe mabichi. Alikuwa Bi Mwanakombo! Bibi wa miaka sabini kasoro, amejitia ni mkwewe mkunga.

Mkienda miji mingine mtasema huu ni wazimu. Kwetu si wazimu. Kwetu mwanamke akijifunika, nani atamwambia funua nione kama ni wewe? Baba yangu asingethubutu, wala polisi. Bi Mwanakombo alijua hivyo maisha yake yote, akadhani na serikali inajua hivyo. Lakini ndani ya faili kulikuwa na alama ya dole gumba la Bi Zaituna, na dole gumba halivai buibui. Angelitia lake pale, yangelinganishwa, na mambo yangekuwa kudanganya serikali: yeye kizuizini, na Bi Zaituna kwenye meli kesho yake.

"Mama," nikamnong'oneza, "rudi nyumbani. Sasa hivi!"

"Mimi si mama yako," akanong'ona naye. "Lete wino, mtoto wa Mwajuma, usinichezee."

Mlango wa ndani ukafunguka. Bwana Tarehe akasimama na kalamu mkononi. "Ni yeye?"

Mkono wa Bi Mwanakombo ulikuwa umekwisha toka nje ya buibui kutafuta pedi, mkono wenye mishipa na mikunjo, kipofu angeujua si wa mwanamke wa miaka thelathini. Nikaifunika pedi.

"Huyu ni mama mkwe wake, Bwana. Amekuja kumwombea."

Ndani ya buibui nikasikia anafyonza, mfyonzo mrefu wa mtu aliyesalitiwa. Kisha Bi Mwanakombo akajifunua uso, akamtazama Mzungu, na sauti yake ya kweli ikatoka. "Ndiyo, nimekuja kumwombea. Mtoto wangu nimemzika. Huyu nimebaki naye. Unamtaka wa nini?"

Bwana Tarehe alibabaika, akasema pole, akasema kanuni ni kanuni, akarudi ndani. Bi Mwanakombo aliondoka bila kuniaga. Alikuja kunisamehe baadaye, lakini si siku ile.

Mchana sikula. Nilikwenda kwa Kadhi. Kadhi wetu alikuwa mtu wa maneno machache, akaniambia dini haimfungi mjane kama mtu wa jela. Akiwa na dharura isiyoepukika atoke mchana, kwa stara, na arudi kabla ya jua kuchwa. Nikaona mambo yametengenea. Nikaenda mbio mpaka nyumbani kwa marehemu, nikapiga hodi, nikakaa ukumbini, pazia katikati, Bi Zaituna upande wake na mimi upande wangu.

"Shemeji," nikamwambia, "Kadhi ameruhusu. Kesho asubuhi njoo bomani, utie dole, urudi. Saa moja haifiki."

Nikasikia mkeka ukikwaruza nyuma ya pazia, amesogea karibu.

"Kadhi ameruhusu," akasema. "Na mji, nani atauambia uruhusu? Nikitoka eda kwenda kufuata karatasi yangu, watasema yule alikuwa mgeni, na ugeni wake umeonekana, hata kumlilia mumewe hakuweza. Baada ya hapo nani atanifungulia chumba anachozalia binti yake? Nitakuwa na mwaka mzima wa kukaa Bagamoyo, shemeji, na hakuna atakayeniita."

"Utafukuzwa."

"Najua."

"Ngazija una nani?"

"Sina mtu."

"Asitoke!" Bi Mwanakombo akasema kutoka jikoni. Kumbe yote alikuwa anayasikia. "Kaburi la mwanangu bado udongo mbichi. Asitoke."

"Haya, mama, na akiondoshwa?"

Hapo alikuja mpaka mlangoni, mwiko mkononi. Alitaka kunijibu kwa ukali, badala yake akakaa chini pale pale kizingitini akalia kwa sauti. "Asiondoshwe," akasema. "Nitabaki na nani mimi? Asitoke na asiondoshwe. Wewe ndiye msomi, fanya!"

Nilitoka pale nina hasira na kila mtu. Nilimkasirikia Bwana Tarehe, nikawakasirikia watu wa mji na midomo yao, nikamkasirikia hata Abdallah, Mungu amrehemu, kwa kufa mwezi mbaya. Nilimkasirikia zaidi Bi Zaituna, kwa kuwa alilosema lilikuwa kweli na sikuweza kulijibu.

Asubuhi nilikuwa natayarisha barua ya notisi, maana mtu anatayarisha hata asilolitaka, ndipo tarishi wetu Saidi alipoingia amejaa habari. Saidi alikuwa hawezi kuficha jambo hata la kwake mwenyewe.

"Bi Zaituna katoka eda! Nimemwona kwa macho yangu, anakwenda kwa Bwana Nassor, Bi Mwanakombo kamshika mkono!"

Nilimkonyeza, nikamkanyaga mguu, nikakohoa. Wapi! Bwana Tarehe alikuwa nyuma yake.

Bwana Nassor alikuwa Mwarabu mwenye duka la nguo karibu na soko la samaki. Binti yake alikuwa na mimba ya kwanza, uchungu umemshika tangu jana, mtoto ametanguliza miguu. Barabara ya Dar es Salaam ilikuwa matope matupu. Angepakiwa garini angefia njiani. Alfajiri nyanya yake, bibi mkubwa wa nyumba ile, akaja mwenyewe kupiga hodi kwa Bi Mwanakombo. Na aliyemwambia Bi Zaituna asimame, avae, achukue mkebe wake, alikuwa Bi Mwanakombo huyo huyo wa asitoke. Haya niliambiwa baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba mkunga ametoka, na kwamba uso wa Bwana Tarehe umekuwa mwekundu.

"Jana hawezi kutoka," akasema polepole. "Leo anatembea mjini. Mnanifanya mjinga, Karani."

"Bwana, amekwenda kumzalisha mtu."

"Miguu iliyompeleka huko ingemleta hapa." Akalivuta faili, akafungua kalamu.

Nikaweka mkono wangu juu ya faili. Hebu fikirini: karani mweusi, mwaka ule, anaweka kiganja juu ya karatasi ambayo Mzungu anataka kuandika. Saidi alitoka nje bila kutumwa. Nilikuwa na watoto shuleni na mama mgonjwa, na niliyaona yote yanaondoka kwa ajili ya kiganja kimoja. Lakini nilikuwa nimekwisha kiweka.

"Bwana," nikasema, "jana ulisema haendi kazini. Sasa hivi yuko kazini. Twende ukamwone. Ukirudi uandike utakavyo."

Alinitazama, akautazama mkono wangu mpaka nikauondoa. "Haya," akasema. "Twende nikamwone huyo asiyeweza kuonekana." Akabeba faili mwenyewe, nami nikabeba pedi ya wino. Tulikwenda kwa miguu, yeye mbele, hatusemezani.

Duka la Bwana Nassor lilikuwa limefungwa. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa barazani, tasbihi mkononi, haoni mtu. Bi Mwanakombo alikuwa amesimama mlangoni.

"Nataka kuingia," Bwana Tarehe akasema.

"Humu mna uchungu, Bwana," Bi Mwanakombo akamjibu. "Mwanamume haingii, awe Mzungu, awe Sultani. Ngoja." Akamsogezea kigoda.

Hakukaa. Motokaa yake ikaja ikasimama mbele ya duka, dereva akazima injini. Ndani binti alikuwa akilia, si kilio cha kupaza, ila cha mtu aliyekwisha choka kulia. Tulimsikia Bi Zaituna vilevile, sauti ya chini, haina haraka: "Usisukume, mwanangu. Nitakwambia. Bado. Bado." Bwana Tarehe alitazama saa yake mara ya kwanza, kisha mara ya pili, kisha akaacha. Jua likapanda. Kofia akaivua, sijui kwa joto au kwa jambo jingine.

Kisha binti akanyamaza. Bi Zaituna naye akanyamaza. Nimesikia vimya vingi maishani lakini kile nakiogopa mpaka leo. Tasbihi ya Bwana Nassor ilisimama kidoleni. Bi Mwanakombo akashika fremu ya mlango, akasema "Ya Rabi, ya Rabi," bila sauti. Nilijua kwamba mtoto akifa, au mama yake akifa, mji utasema ni kwa sababu mjane alivunja eda, na hakutakuwa na dole wala afisa wa kumwokoa.

Tukasikia kofi dogo la mkono juu ya ngozi. La pili. Kisha mtoto akalia.

Wanawake wakapiga vigelegele mle ndani. Bwana Nassor aliinama akaweka kipaji chini pale pale barazani. Mimi nililia, sioni haya kusema. Bi Mwanakombo akaingia ndani, na baada ya kitambo kidogo pazia la ukumbini likatikisika, na sauti ya Bi Zaituna ikatoka nyuma yake.

"Nimeambiwa yuko mtu wa serikali."

Bwana Tarehe akasogea mpaka kwenye pazia, akasafisha koo. Akauliza jina. Akauliza alizaliwa wapi, aliletwa na nani, kwa kazi gani. Akajibiwa yote. Kisha akauliza lile lenyewe: "Kazi yako hii, mara ya mwisho umeifanya lini?"

"Sijaimaliza, Bwana. Kondo la nyuma halijatoka. Kama una swali jingine uliza upesi."

Neno lile kitabu chake hakikuwa nalo. Akanigeukia, nami nikamweleza sikioni kondo ni nini na likibaki ndani kunatokea nini. Uso ukabadilika rangi.

"Dole tu," akasema. "Dole tu, tafadhali."

Mkono ukatoka chini ya pazia. Ulikuwa umeoshwa, lakini damu ilikuwa bado pembeni mwa kucha. Nikashika pedi, akatia wino, nikamwekea faili, akabonyeza. Mkono ukarudi ndani na hatukuusikia tena. Bwana Tarehe akaliweka faili juu ya boneti ya motokaa, akalinganisha dole la leo na lile la zamani, akaandika kwa Kiingereza kwamba mwombaji ameonekana na afisa, yuko kazini, aongezewe mwaka. Alichokiona ni dole gumba, lakini hilo sikumsahihisha. Akapanda garini. Kabla ya kuondoka akaniambia, "Karani, mkono wako usiuweke tena juu ya karatasi zangu." Nikasema ndiyo, Bwana. Hakulitaja tena maisha yake yote hapa.

Bi Zaituna alirudi nyumbani kabla ya jua kuchwa, amejifunika, hakusimama njiani wala hakuitikia hongera za mtu. Eda yake akaimaliza. Mji haukusema neno, kwa kuwa aliyemtoa ni mkwewe, na aliyekwenda kumwita ni bibi mkubwa wa nyumba ya Nassor, na watu wa mji walijua wao wenyewe wana mabinti.

Msidhani mambo yaliishia hapo. Mwaka ni kitu kidogo. Kila mwaka kadi yake ilirudi msumarini, na kila mwaka nilianza kulala vibaya mwezi mmoja kabla. Maafisa walibadilika. Mmoja alimpa miezi sita, mwingine alitaka picha, mwingine alitaka aeleze kwa nini hajafundisha wenyeji kazi yake, naye alikuwa amekwisha fundisha wasichana watatu, mmoja yuko Mbegani mpaka leo. Tuliomba mara mbili apewe ukaazi wa kudumu. Tulijibiwa kwamba kibali cha muda ni cha muda. Alikuwa akija mezani kwangu, anatia dole, ananiuliza, "Mpaka lini, shemeji?" Nami namsomea tarehe. Yeye alikuwa hamaanishi tarehe, na mimi nilikuwa najua.

Alimwuguza Bi Mwanakombo mpaka akamzika. Alizalisha mabinti aliowazalisha mama zao. Mwaka mmoja kabla sijastaafu akaumwa kifua, muda mfupi tu, akafa kitandani mwake katika nyumba ya Abdallah. Tukamzika ubavuni mwa mumewe, na waliokuja kuzika walijaa mpaka barabarani. Kibali chake kilikuwa na miezi ya kubaki.

Faili la mtu wa muda halifungwi hivi hivi. Kuna mahali mwishoni pa kujaza tarehe aliyoondoka nchini na njia aliyopitia. Dar es Salaam wakaniandikia nijaze, nipeleke. Nikachovya kalamu nikaandika: Hakuondoka. Likarudi, limetiwa alama nyekundu: hili si jibu, andika tarehe. Nikaandika neno lile lile chini ya lile la kwanza, kwa herufi kubwa, wasome hata bila miwani, nikalipeleka tena.

Mpaka naondoka bomani lilikuwa halijarudi. Likirudi mezani kwenu, msiniite. Andikeni hivyo hivyo.